UZI: Protini za mshtuko wa joto (HSP) na kinga dhidi ya uvimbe. Zinailinda saratani au zinaifichua?

Darubini_Unyanyembe (Tabora), mwanzisha uzi

Mwangaluka wakuu, na wa Kigoma habari za huko ziwani.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mikoa yetu miwili. Unasema joto huamsha protini za kinga ziitwazo HSP, na protini hizo huua saratani. Kwa hiyo mgonjwa ajifukize nyungu asubuhi na jioni kabla hajafikiria nauli ya kwenda hospitali ya Bugando au Ocean Road. Aliyeuandika ametaja HSP70 na gp96 kwa majina, ndiyo maana hata waliosoma wanauamini. Protini hizo zipo, na uhusiano wake na kinga dhidi ya uvimbe ni wa kweli. Hitimisho lake ndilo linaloponza watu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akikaa miezi kwenye mvuke, ugonjwa hausubiri. Naomba tuliweke sawa hapa kwa undani, na wenye ujuzi waongezee.

Tuanze ndani ya seli. Protini haifanyi kazi mpaka ikunjwe kwa umbo lake. Joto likizidi, oksijeni ikipungua au sumu ikiingia, protini hufumuka na kugandamana. Seli hujibu kwa kuzalisha kwa wingi protini nyingine zinazozidaka zilizofumuka, kuzikunja upya au kuzipeleka zikavunjwe. Mtaliano Ferruccio Ritossa ndiye aliyechapisha dalili ya kwanza mwaka 1962: kromosomu za tezi za mate za nzi wa matunda zilituna sehemu mpya baada ya kabati la kuoteshea kupandishwa joto. Protini zenyewe zilitambuliwa mwaka 1974. Namba kwenye majina ni uzito wake kwa kilodaltoni: HSP27, HSP60, HSP70, HSP90, HSP110. Hiyo gp96 ni ya ukoo wa HSP90, ila inakaa ndani ya retikulamu ya endoplazimu, karakana ya protini ndani ya seli.

Swichi yake inaitwa HSF1. Seli ikiwa shwari, HSF1 hushikwa na HSP90 na HSP70 zenyewe. Protini zikianza kufumuka, HSP hukimbilia huko, HSF1 inaachiwa, inajiunga tatutatu, inakaa juu ya DNA na kuwasha jeni za HSP zaidi. Sasa angalieni uvimbe ni mahali pa namna gani: mishipa ya damu haitoshi, oksijeni haba, tindikali juu, na protini nyingi zina kasoro kwa sababu jeni zimebadilika. Kwa hiyo seli nyingi za saratani zimeiwasha swichi hiyo muda wote, mgonjwa awe na homa au asiwe nayo. HSP70 inazuia seli isijiue. HSP90 inazishikilia protini mbovu zinazousukuma uvimbe, mfano HER2 kwenye saratani ya matiti na BCR-ABL kwenye aina moja ya saratani ya damu. Bila HSP90 protini hizo huporomoka. Mwaka 2007 kundi la Susan Lindquist huko Marekani lilionyesha kwamba panya waliozaliwa bila HSF1 hawapati uvimbe kirahisi wanapopakwa kemikali za kusababisha saratani ya ngozi.

Kwa hiyo ndani ya seli, HSP ni walinzi wa uvimbe. Ukiziongeza humo, umeuongezea uvimbe ulinzi.

Nje ya seli mambo yanageuka. Mwaka 1986 Pramod Srivastava na wenzake walichuja gp96 kutoka kwenye uvimbe wa panya, wakawachanja panya wenye afya. Panya hao waliukataa uvimbe uleule walipopandikiziwa, lakini uvimbe wa panya mwingine ulikua kama kawaida. Hapo pakazuka fumbo, maana jeni ya gp96 ni ileile kwenye uvimbe na kwenye ini lenye afya. Ingewezekanaje chanjo itofautishe uvimbe na uvimbe? Jibu likaja kwamba gp96 haifundishi kinga kwa mwili wake yenyewe. Ni kama mpagazi wa Kinyamwezi wa zama za misafara: habari iko kwenye mzigo aliobeba. Mzigo huo ni peptidi, vipande vifupi vya protini zote za seli ile, pamoja na zile zenye kasoro za saratani. Mwaka 1993 Udono na Srivastava walithibitisha upande wa HSP70: waliichuja kwa njia inayotumia ATP, molekuli ya nishati ya seli, ambayo huifanya HSP70 iachie mzigo, na chanjo ikaisha nguvu. Protini ni ileile, peptidi hazipo, kinga haipo.

Mfuatano wenyewe uko hivi. Seli ya uvimbe inapasuka, HSP inatoka nje ikiwa na peptidi zake. Seli za dendriti na makrofaji, seli za kinga zinazomeza na kuonyesha walichomeza, zina kipokezi kiitwacho CD91, kilichotambuliwa kwa gp96 mwaka 2000. Kinaidaka HSP na kuimeza na mzigo wake. Ndani, peptidi hukatwa mpaka kubaki asidi amino 8 hadi 10, hupachikwa kwenye molekuli za MHC (vibao vya kuonyeshea peptidi juu ya seli) daraja la kwanza na kuonyeshwa kwa seli T za CD8, zile zinazoua. Nyingine hupitia MHC daraja la pili kwenda kwa seli T za CD4, zile saidizi. Wakati huohuo seli ya dendriti inakomaa, inatoa saitokini (kemikali za kupeana habari za kinga) na kuhamia kwenye tezi za limfu. Bila hatua hii ya kukomaa, peptidi zikionyeshwa hazileti vita, huleta uvumilivu.

Nitaishia hapo kwanza.

---

Kibirizi_Maabara (Kigoma)

Mkuu Darubini, umeeleza vizuri. Naongeza mawili ambayo wengi huyaruka.

La kwanza ni dozi. Kwenye panya, gp96 ya maikrogramu 1 ndani ya ngozi, au 10 chini ya ngozi, mara mbili, inaleta kinga. Ukizidisha mara kumi kwa njia ileile, kinga haiji. Na seli T za CD4 kutoka kwa panya waliopewa dozi kubwa, ukizihamishia kwa panya wengine, zinawazuia nao wasiukatae uvimbe. Hii ilichapishwa mwaka 1999. Kwa hiyo hata ile HSP ya nje ya seli, yenye mzigo wake, ikiwa nyingi mno inageuka kuwa breki. Mtu anayesema "ongeza HSP" bila kutaja kiasi, mahali na njia, hajasema kitu.

La pili ni uchafu wa maabara. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 zilitoka karatasi nyingi zikisema HSP60 na HSP70 zinaamsha kinga moja kwa moja kupitia vipokezi vya TLR2 na TLR4 vya seli za kinga. Nyingi zilitumia HSP iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. koli. Bakteria hao wana sumu iitwayo endotoksini kwenye ukuta wao, na endotoksini ndiyo inayowasha TLR4 kuliko kitu kingine chochote. Watu walipoisafisha HSP vizuri, sehemu kubwa ya ule mwamsho ikapotea.

Ukisoma karatasi yoyote ya HSP, tafuta vitu hivi kabla ya kuamini matokeo. Je, walipima endotoksini kwa kipimo cha LAL na kutoa namba? Je, walichemsha sampuli ya ulinganisho? Ukichemsha kwa nusu saa, HSP inaharibika na endotoksini inabaki. Kama athari imebaki baada ya kuchemsha, ulichopima ni endotoksini. Je, walitumia polimiksini B, inayofunga endotoksini? Hiyo pekee haitoshi, lakini isipokuwepo ni dalili mbaya. Na je, kuna kundi lililopewa HSP ya tishu yenye afya ya mnyama yuleyule? Kama ini lenye afya linaleta kinga sawa na uvimbe, mzigo hauna kazi yoyote na nadharia yote imeanguka kwenye jaribio hilo.

---

Binti_Ujiji

Shukrani wakuu. Swali langu: kama ugunduzi ni wa 1986, na panya walipona, chanjo iko wapi? Miaka imepita mingi.

---

Darubini_Unyanyembe

Dada Binti_Ujiji, chanjo ilitengenezwa, ikaitwa vitespen, kwa jina la biashara Oncophage. Kila mgonjwa alitengenezewa yake kutoka kwenye uvimbe wake mwenyewe, kwa sababu ile niliyosema: mzigo wa mtu mmoja haumfai mwingine.

Jaribio kubwa lilikuwa la saratani ya figo, awamu ya tatu, likachapishwa kwenye Lancet mwaka 2008. Wagonjwa 818 waligawanywa kwa bahati nasibu baada ya figo kutolewa: nusu chanjo, nusu kuangaliwa tu. Dozi ilikuwa maikrogramu 25 ndani ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki 4, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka chanjo iishe. Kati ya waliochambuliwa, saratani ilirudi au mgonjwa alifariki kabla haijarudi kwa asilimia 37.7 ya waliochanjwa na 39.8 ya wasiochanjwa. Tofauti hiyo kitakwimu ni sawa na hakuna. Urusi iliisajili mwaka 2008 kwa kundi la wagonjwa wenye hatari ya kati ya ugonjwa kurudi, Marekani hawakuipitisha. Kwenye melanoma, jaribio la wagonjwa 322 nalo halikuonyesha tofauti ya jumla ya kuishi. Waliopata angalau dozi 10 na ugonjwa wao ukiwa bado wa ngozi na tezi tu walionekana kufanya vizuri zaidi. Uchambuzi wa namna hiyo una mtego wake: anayefikisha dozi 10 ni yule mwenye uvimbe mkubwa wa kutosha kutoa chanjo nyingi na aliyeishi muda wa kutosha kuzipokea.

Kwa nini panya walipona na watu hawakupona? Maoni yangu, na wenzangu wanaweza kupinga: panya walichanjwa kabla ya uvimbe, au ukiwa mdogo sana. Mtu anachanjwa baada ya uvimbe kuishi naye miaka, ukiwa tayari umezungukwa na seli T za kuzuia na PD-L1, protini inayozima seli T. Kumleta askari mpya pale bila kuondoa breki ni kazi bure. Dawa za kuondoa breki hizo zilianza kupitishwa mwaka 2011, baada ya majaribio haya kufungwa.

---

Kibirizi_Maabara

Sipingi, naongeza sababu ya utengenezaji. Mnaosoma hapa mwone kazi ilivyo, ili asitokee mtu wa kuuza "HSP" kwenye chupa pale Mwanga sokoni mkamwamini.

Nyama ya uvimbe lazima igandishwe haraka baada ya kutolewa, kwenye naitrojeni ya kimiminika au friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila hatua inayofuata ni kwenye nyuzi 4. Unaisaga kwenye maji ya sodiamu baikaboneti ya milimola 30, pH 7.1, yenye PMSF ya kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini. PMSF huharibika upesi ndani ya maji, kwa hiyo inatiwa dakika za mwisho. Ukiitia mapema utakuta gp96 imekatika vipande na hujui kwa nini. Unazungusha kwenye sentrifuji ya kasi kubwa, mara 100,000 ya nguvu ya uvutano, unachukua maji ya juu. Unaongeza amoniamu salfeti mpaka asilimia 50, unatupa mashapo, unapandisha mpaka 70, safari hii unachukua mashapo: gp96 iko humo. Inapitishwa kwenye safu ya Con A, protini ya mmea, kwa sababu gp96 ina sukari mwilini mwake na Con A hushika sukari. Safu hiyo inahitaji kalsiamu na magnesiamu. Ukitumia bafa yenye EDTA, ambayo hukamata madini hayo, hakuna kitakachoshika. Unaiachisha kwa metili-manosidi ya asilimia 10, kisha unamalizia kwa safu ya DEAE na chumvi.

HSP70 njia yake ni nyingine, safu ya ADP. Kosa la kawaida ni kutumia ya ATP kwa sababu ni maarufu zaidi. Darubini ameshaeleza: ATP inaangusha mzigo. Utapata HSP70 safi kabisa kwenye jeli, bendi moja nzuri, na haina faida yoyote.

Mavuno ni maikrogramu chache kwa kila gramu ya nyama. Kwa hiyo mwenye uvimbe mdogo, ambaye ndiye chanjo ingemfaa zaidi, ndiye anayekosa nyama ya kutosha. Hilo liliumiza majaribio yote.

---

Muuguzi_Nzega

Naomba nirudi kwenye nyungu maana ndiyo iliyoleta uzi.

Hyperthemia ni tiba halisi, na ujumbe wa WhatsApp unaichanganya na mvuke wa jikoni. Kwenye tiba, uvimbe wenyewe unapashwa mpaka nyuzi 40 hadi 43 kwa takriban dakika 60, kwa mawimbi ya redio au mikrowevu, na vipima joto vinawekwa ndani au jirani kabisa na uvimbe ili kujua umefika wapi. Ukijifunika blanketi juu ya sufuria, ngozi ya uso inapata joto kali, jasho linatoka, na jasho hilo kazi yake ni kuuzuia mwili wa ndani usipande. Mlango wa kizazi uko chini kwenye nyonga. Unabaki kwenye nyuzi 37 na pointi. Kinachopatikana kwa uhakika ni hatari ya kuungua, kuishiwa maji, na presha kushuka ghafla kwa mgonjwa ambaye tayari ana upungufu wa damu.

Halafu kuna ustahimilivu wa joto. Seli iliyopashwa mara moja inajaza HSP, na kwa saa 48 hadi 72 zinazofuata inakuwa ngumu kuua kwa joto. Kwa sababu hiyo vituo vya hyperthemia havimpashi mgonjwa kila siku. Ni mara moja au mbili kwa wiki, na angalau siku tatu zipite katikati. Anayesema asubuhi na jioni anaagiza kinyume kabisa cha kanuni ya tiba anayoitaja.

Na hyperthemia haisimami peke yake, huambatana na mionzi au dawa. Uholanzi walifanya jaribio la wagonjwa 358 wenye saratani za nyonga, wakalichapisha mwaka 2000. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, waliopata mionzi pekee walikuwa hai baada ya miaka 3 kwa asilimia 27. Waliopata mionzi na joto, asilimia 51. Namba nzuri, lakini jaribio lililofuata la nchi kadhaa halikuona faida hiyo, na faida kwenye lile la kwanza inaelezwa kuwa ilitokana na joto kuipa mionzi nguvu zaidi kuliko habari za kinga.

---

Mwanafunzi_Kasulu

Shikamooni wakubwa. Je, homa ya malaria nayo haipandishi joto la ndani kweli? Huku Kasulu mtu anafika nyuzi 40. Nimesoma pia kuhusu daktari William Coley aliyewapa wagonjwa homa makusudi.

---

Darubini_Unyanyembe

Marahaba. Swali la maana sana.

Coley alianza mwaka 1891 huko New York, akiwachoma wagonjwa wa sarkoma bakteria wa aina ya streptokoka, baadaye mchanganyiko uliouawa wa streptokoka na bakteria Serratia, wenye endotoksini. Baadhi uvimbe uliyeyuka. Lakini alikuwa anaingiza vitu vitatu kwa mkupuo: joto, endotoksini na antijeni za bakteria. Kuipa homa sifa yote ni kusahau hivyo viwili. BCG inayowekwa kwenye kibofu cha mkojo, iliyoelezwa na Morales mwaka 1976 na inayotumika mpaka leo, inafanya kazi kwa mwamsho wa bakteria papo kwa papo, wala haihitaji homa.

Malaria ni mfano mbaya kwa anayetafuta tiba. Mikoa yenye malaria kali ya watoto ndiyo yenye limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ya seli B, kwa sababu malaria ya mara kwa mara inazisukuma seli B zenye virusi vya Epstein-Barr na kudhoofisha seli T zinazovidhibiti. Homa ipo, HSP zipo, saratani inazidi. Homa ya malaria ni ya kupima na kutibu siku hiyohiyo.

---

Gungu_Famasi (Kigoma)

Kwa upande wa dawa, kuna jambo ambalo lingewasaidia wanaoogopa kemo kuliko mvuke wowote.

Seli ikifa kimyakimya, kinga haioni kitu. Lakini dawa fulani zinaiua seli kwa namna inayopiga kelele. Mwaka 2007 kundi la Kroemer na Zitvogel huko Ufaransa lilionyesha kwamba doksorubisini na dawa za ukoo wake huilazimisha seli inayokufa kupeleka kalretikulini juu ya utando wake. Kalretikulini ni protini mlezi ya retikulamu, jirani wa gp96, na inadakwa na CD91 ileile. Zaidi ya hapo, seli inatoa ATP na HMGB1 (ishara za hatari), na seli za dendriti zinakuja kula. Oksaliplatini inafanya hivyo. Sisplatini, ingawa ni ya ukoo mmoja na oksaliplatini, inaua vizuri lakini haitoi kalretikulini. Mionzi inaitoa. Kwa hiyo mama anayepata sisplatini pamoja na mionzi kwa ajili ya mlango wa kizazi, sehemu hiyo ya kinga anaipata zaidi kwenye mionzi.

Bortezomibu ya saratani ya uboho nayo inazifanya seli zinazokufa zionyeshe HSP90 juu ya utando, na seli za dendriti zinaitambua.

Kwenye kuzuia HSP90 moja kwa moja, dawa nyingi zilikwama kwa sumu kwenye ini na macho, na kwa sababu ukiizuia HSP90, HSF1 inaachiwa na HSP70 inapanda kufidia. Japani ilipitisha pimitespibu mwaka 2022 kwa uvimbe wa tumbo aina ya GIST usiosikia dawa nyingine.

---

Kibirizi_Maabara

Mkuu Gungu_Famasi, hapo kwenye CD91 tuweke angalizo. Si kipokezi pekee. LOX-1 na SREC-I nazo zimeonyeshwa kudaka HSP, na kuna maabara ambazo zilizima CD91 na HSP70 ikaendelea kuingia. Kwa gp96 ushahidi wa CD91 ni mzito. Kwa HSP70 mlango unatofautiana kulingana na aina ya seli.

Na tusisahau seli NK, seli za kinga zinazoua bila kusubiri kufundishwa. Gabriele Multhoff wa Ujerumani alionyesha miaka ya 1990 kwamba seli nyingi za saratani huweka HSP70 juu ya utando, wakati seli zenye afya hazifanyi hivyo. NK zikichochewa na kipande cha HSP70 cha asidi amino 14, kiitwacho TKD, pamoja na dozi ndogo ya IL-2 (saitokini), huzitambua seli hizo na kuzipenyezea granzaimu B, kimeng'enya cha kuua. Hapa hakuna mzigo wala MHC. Ndiyo faida yake, maana uvimbe uliokwepa seli T kwa kuficha MHC unakuwa wazi kwa NK.

---

Mwanafunzi_Kasulu

Nikitaka kupima hiyo HSP70 ya juu ya utando, nianzie wapi? Naandaa pendekezo la utafiti.

---

Kibirizi_Maabara

Andika hivi kwenye pendekezo lako, mdogo wangu.

Usizing'oe seli kwenye chupa kwa tripsini. Inanyoa protini za juu na utasoma sifuri. Tumia EDTA. Usizitoboe seli wala usizigandishe kwa fomalini kabla ya kupaka kingamwili, maana ndani kuna HSP70 tele na itakudanganya. Weka propidiamu ayodidi, uzitoe kwenye hesabu seli zote zilizopokea rangi, kwa kuwa zimekufa na utando umefunguka. Chagua kingamwili inayoshika umbo la HSP70 lililo kwenye utando. Nyingi za dukani zinashika sehemu inayobaki imefichwa. Kwa ulinganisho chanya, pasha seli nyuzi 42 kwa saa 1, zirudishe nyuzi 37 usiku kucha. Kwenye Western blot, kipimo cha kutenganisha protini kwa uzito, utaona HSP70 ya kuchochewa karibu na kilodaltoni 72 na ile ya kawaida, HSC70, kwenye 73. Kingamwili isiyozitenganisha itakuonyesha "imepanda" hata pale haijapanda.

Kwa damu, adui ni himolisisi, yaani seli nyekundu kupasuka. Seli nyekundu zimejaa HSP70. Sampuli ikiwa na wekundu hata kidogo, itupe. Tenganisha seramu ndani ya saa 2, gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha mara moja tu. Damu nzima iliyosafiri kwa treni kutoka Kigoma mpaka Tabora haifai kwa kipimo hiki hata ikiwa kwenye barafu. Zungusha hukohuko Kigoma, isafiri seramu.

---

Binti_Ujiji

Na kwa upande wa HPV, virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, hakuna waliojaribu kuunganisha HSP na virusi vyenyewe?

---

Darubini_Unyanyembe

Wapo, dada. Walichukua HSP65 ya bakteria wa BCG wakaiunga na protini E7 ya HPV aina ya 16, mzigo ukiwa umeshonwa moja kwa moja kwenye mbebaji. Wengine waliunga E7 na HSP70 ya bakteria wa kifua kikuu kwenye chanjo ya DNA. Zilijaribiwa kwa wanawake wenye vidonda vya awali vya mlango wa kizazi. Baadhi vidonda viliyeyuka, ila vidonda hivyo huyeyuka vyenyewe kwa wanawake wengi, kwa hiyo faida ilikuwa ngumu kuitenganisha, na hakuna hata moja iliyofika sokoni.

Ile ya kuzuia ndiyo iliyopo na inafanya kazi. Tanzania ilianza chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na sasa ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Haina HSP ndani. Ni maganda matupu ya virusi. Mwenye binti asisubiri.

---

Muuguzi_Nzega

Swali la mwisho kwangu, la kazini. Kipande cha nyama kinachotoka zahanati zetu kwenda patholojia, kikija kupimwa HSP kwa rangi za kingamwili, tukihifadhije?

---

Kibirizi_Maabara

Kihifadhi kama kipande kingine chochote, ila kwa umakini zaidi, kwa sababu nyama iliyokatwa damu inaendelea kuwa na msongo na HSP zake hubadilika ikiwa imekaa kwenye sinia. Kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa ndani ya saa 1 tangu kukatwa. Ujazo wa fomalini uwe mara 10 ya nyama. Uvimbe mkubwa ukatwe vipande vya milimita 5, la sivyo katikati kunaoza huku nje kumekauka. Kikae kati ya saa 6 na 72. Kikizidi hapo, protini zinafungamana mno na hata kuchemsha slaidi kwenye sitreti ya pH 6.0 hakurudishi rangi vizuri.

Kwenye fomu andika saa ya kukata na saa ya kutia fomalini, zote mbili. Andika pia kama daktari alitumia kisu cha umeme. Kingo zilizoungua na sehemu zilizokufa hung'aa HSP70 kwa nguvu na msomaji asiyejua atadhani ni uvimbe. Na chupa ifungwe kwa plasta pande zote, treni inatikisa.

---

Muuguzi_Nzega

Nimeinakili yote. Naibandika ukutani chumba cha upasuaji mdogo, na ya nyungu naipeleka kwenye grupu leo jioni.